Kilima cha Mama Maswali

Umewahi kuulizwa mia ukitoa saba inabaki ngapi, huku miguu yako inakimbia, na mlango umefungwa, na hautafunguliwa mpaka kichwa na miguu vimalize kazi kwa pamoja? Kama hujawahi, sogea karibu nikueleze. Sisi wanawake kumi na wawili wa bonde letu, huku juu Tukuyu, tuliulizwa hivyo wiki baada ya wiki, na mmoja wetu nusura atolewe humo amebebwa. Na aliyekuwa anamuua, bila kutaka, ni mimi.

Naitwa Tusekile, mama yake Gwakisa. Kwenye baiskeli ya mazoezi ya kushoto kwangu alikaa Subilaga, mama yake Lugano. Tuliolewa na mume mmoja, marehemu Ambakisye. Mimi nilitangulia, yeye akaja mwaka wa sita na sanduku la bati la bluu na mdomo uliovutwa mbele. Miaka mitatu hatukusemezana ila kwa kupitia watoto. Mwambie mama yako chumvi imekwisha. Mwambie mama yako chumvi iko palepale, macho ndiyo yamekwisha. Halafu sijui ilikuwa siku gani, tukajikuta tunacheka pamoja jikoni, na mume ndiye akawa mgeni. Alipofariki tulibomoa jiko moja tukabaki na moja, na sufuria zake na zangu zikachanganyika hata leo siwezi kukuambia ipi ni ya nani.

Ujana wetu ulikuwa wa kuchuma chai. Kapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi, kupanda na kushuka tangu umande mpaka jua la mchana. Kisha wakaja panzi. Ndivyo tulivyowaita, wale wadudu wa chuma wenye miguu sita wanaotembea juu ya mistari ya chai wakikata. Panzi ana mikono myepesi lakini hana akili ya kujua jani lililokomaa na jani lenye ugonjwa, basi tukakalishwa sisi kwenye Banda la Macho, kila mmoja na kioo chake, tukitazama anachokiona panzi. Jani zuri, gusa kijani. Jani baya, gusa nyekundu. Nilikaa kwenye kiti kile miaka ishirini na miwili. Chakula nililetewa kitini. Sala ya mchana niliisali kitini. Harusi ya Lugano nusu yake niliitazama kitini, kwenye pembe ya kioo, maana zamu ilikuwa haijaisha. Miguu ikawa ya kunitoa kitandani na kunifikisha kitini, basi, kazi nyingine haina.

Ndipo likaja tangazo. Kila aliyepita miaka sitini, na akawa amekaa kazini zaidi ya miaka kumi na mitano, afike Nyumba ya Mwendo kwa wiki kumi na mbili.

*

Nyumba ya Mwendo ilikuwa kiwanda cha zamani cha chai, ule ukumbi wa kukaushia. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe lakini harufu ilikuwa haijatoka. Ukivuta pumzi kwa nguvu unapata chai ya miaka arobaini iliyopita. Madirisha yalikuwa juu sana, karibu na paa, unaona mvua lakini huoni inanyesha wapi. Baiskeli kumi na mbili zisizokwenda popote, zimepangwa mbili mbili. Mlango mmoja wa chuma wenye taa ndogo nyekundu juu yake. Na ukutani kioo kikubwa, nyuma yake anakaa nesi.

Nesi huyo aliitwa Mwanahija, mtu wa Tanga, mwenye maneno laini na viatu visivyo na sauti. Siku ya kwanza alitufunga mkanda kifuani wa kusikiliza moyo, na kichwani kilemba chembamba chenye vidonge vya bati baridi vya kusikiliza ubongo. Akatueleza kwa mfano wa mfereji. Miguu ikikimbia, alisema, damu hupanda kichwani kwa wingi, kama maji yaliyofunguliwa mferejini. Lakini maji yakifika shambani yasikute mtu mwenye jembe, yanapita tu yanakwenda zake. Kwa hiyo damu inapofika, kichwa nacho kipewe kazi palepale: kihesabu, kipange, kikumbuke. Kimoja bila kingine ni faida kidogo. Viwili pamoja, mtu aliyekaa miaka ishirini anaweza kurudishiwa akili ya miaka kumi nyuma.

Aliyetupa kazi hiyo hakuwa nesi. Ilikuwa sauti ya kike iliyotoka kwenye usukani wa kila baiskeli, ina adabu kama msomaji wa taarifa ya habari. Tukaiita Mama Maswali.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu saa yake, maana haikuwa saa ya watu. Ilihesabu dakika arobaini, lakini dakika inayohesabiwa ni ile tu ambayo miguu inazunguka na mdomo unajibu. Ukikosea, unapoteza alama lakini saa inakwenda. Ukinyamaza, saa inasimama kwa wote, mpaka Mama Maswali achoke kukungoja aruke swali. Na saa isipotimia mlango haufunguki. Hata kidole cha nesi hakiufungui kutokea ndani. Walisema ni kwa sababu huko kwingine watu walikuwa wanawabembeleza manesi.

Jambo la pili ni kilima. Ukijibu sawa, pedali zinakuwa nzito, ndiyo unapewa kilima. Ukikosea, zinalegea, unapewa tambarare. Mashine ilikuwa inasoma kichwa ili ijue mwili ubebeshwe nini. Subilaga aliposikia hivyo akaniinamia akaniuliza hii ni shule ya wapi, ambako anayefaulu ndiye anayechapwa. Wote tulicheka, hata nesi.

Hakucheka aliposoma habari ya alama. Jumatano ndiyo siku ya kuandikwa alama. Chini ya sitini, karatasi ya njano. Karatasi tatu za njano ndani ya wiki kumi na mbili, inatoka nyekundu, na mwenye nyekundu anapelekwa Nyumba ya Utulivu kule mjini, kwa sababu hawezi kuachwa peke yake na moto na visu. Tuliijua nyumba hiyo. Mama Syabumi wa ng'ambo ya mto alikwenda na kikapu chake cha ndizi, na Krismasi iliyofuata kilirudi kikapu peke yake.

Mwisho kabisa wa ukurasa, nesi akasoma harakaharaka kwamba mwenye alama sabini na tano na kuendelea ni mtu wa kuaminika, na anaweza kuweka dole gumba na kubaki nyumbani na mwenye karatasi nyekundu kama wanaishi pamoja. Akafunua ukurasa mwingine. Mimi sikufunua. Nililibeba neno hilo.

*

Jumatano ya kwanza tuliulizwa maswali ya kumbukumbu za nyumbani, yaliyochukuliwa kwenye daftari la familia. Mtoto wako wa pili alizaliwa mwezi gani. Mume wako alikuwa na ndugu wangapi. Tulikuwa tunajibu vizuri, vilima vinapanda, jasho linatiririka. Halafu Mama Maswali akatuuliza sote kwa zamu: baba mkwe wako aliitwa nani?

Ukimya.

Mama Tumpale, mkubwa wetu, alitazama dari. Mimi nilitazama mikono yangu. Saa ikasimama. Swali likarukwa kwake, likaja kwa wa pili, saa ikasimama tena. Kumi na wawili, ukimya kumi na mbili. Nesi Mwanahija akaingia mbio akidhani vilemba vimekatika nyaya. Akauliza kwa upole kama kweli hata mmoja wetu hamjui baba mkwe wake.

Mama Tumpale akamjibu bila kuacha kuendesha, "Tunamjua sana, mwanangu. Ndiyo maana."

Wewe ni wa siku hizi, ngoja nikueleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, halali nyumba aliyolala yeye, na jina lake halitoki mdomoni mwake mpaka anakufa. Watu wa nje husema ni kumdhalilisha mke. Labda kwingine. Mimi nilipoolewa, njia ya kwenda mtoni ilipita mbele ya baraza la mzee wangu huyo, na kila nikimwona nilijitupa migombani na ndoo yangu, maji yakimwagika. Nilikuwa na mimba ya Gwakisa. Siku moja asubuhi nikasikia jembe nyuma ya migomba. Mzee alikuwa anachimba njia nyingine, peke yake, kwa siku tisa, akazungusha mpaka mtoni, akapanga mawe kila penye utelezi. Hakuniambia kitu na mimi sikumwambia kitu. Kesho yake nikapita. Hatukuwahi kuzungumza maisha yetu yote, na sijui mtu aliyeniheshimu kumzidi. Kutolitaja jina lake ndiyo asante niliyokuwa nayo.

Nesi aliandika barua makao makuu kuomba swali litolewe. Jibu lilirudi baada ya wiki. Likasema swali hilo linawashinda watu wengi kuliko yote, hivyo ni kipimo kizuri sana, na alama zake zimepandishwa kutoka tatu kuwa tano.

Basi kila Jumatano tulinyamaza, saa ikasimama mara kumi na mbili, tukaingia saa mbili asubuhi na kutoka karibu saa tano. Alama zangu zikakaa palepale, sabini na mbili. Ongeza tano uone.

*

Wiki ya nne Subilaga alibandika maharage jikoni bila maji. Nilisikia harufu nikatoka nje nikamkuta ameketi anayatazama yanavyopasuka, kwa utulivu kabisa. Jioni ile akaniuliza kama Ambakisye amekwisha kula. Ambakisye ana miaka tisa kaburini. Nilimtazama. Akawahi kucheka, akasema ananitania tu. Nami nikacheka. Kucheka kule kulikuwa uongo wetu wa kwanza.

Jumatano hiyo alipata hamsini na nane. Iliyofuata, hamsini na tano. Karatasi mbili za njano tulizikunja tukaziweka ndani ya Biblia, kana kwamba humo hazitaonekana. Ilibaki moja.

Kule Banda la Macho msimamizi alikataza mazungumzo, kwa hiyo tulijifundisha kugonga. Pete kwenye ubao: mara moja jani zuri, mara mbili baya, mara tatu msimamizi anakuja. Mimi na Subilaga tuna pete zinazofanana, Ambakisye alizinunua siku moja ili asigombane na mtu. Wiki ya sita, Mama Maswali alipomuuliza Subilaga mtoto gani alizaliwa siku daraja lilipochukuliwa na maji, nikaona macho yake yanazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kidole changu kikagonga usukani mara tatu. Mtoto wa tatu wa nyumba yetu. Akanisikia. "Lugano," akasema, na pedali zake zikawa nzito.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hesabu nilimgongea tarakimu. Majina ya watoto niliyagonga kwa namba za kuzaliwa. Kama kulikuwa na majibu ya kuchagua, moja ni la kwanza, mbili ni la pili. Nilikuwa naendesha kilima changu, najibu maswali yangu na kugonga ya kwake. Kama kuna aliyezoezwa akili kule ndani, ni mimi.

Alama zake zikapanda. Sitini na sita. Sabini na moja. Sabini na tisa. Nesi Mwanahija alifurahi mpaka akabandika picha ya Subilaga ukutani, akiwa amevaa kilemba, ametabasamu nusu. Walikuja wakubwa wawili kutoka makao makuu kumtazama. Walisema ubongo wake unaota upya kama chai iliyokatwa vizuri.

Na mashine, ikiamini hivyo, ikampa mwili wake kazi ya mtu anayepona.

Nilikuwa pale karibu, niliona. Kilima chake kilipita cha Mama Tumpale, kikapita changu, kikapita cha wote. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya majivu. Akishuka, alikuwa anashika usukani kwa muda kabla ya kuachia. Vifundo vya miguu vilivimba, viatu vikakataa, akaja Nyumba ya Mwendo na kandambili zangu. Nilimwendea nesi nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kilima hakijazidi kwa mtu wa umri ule. Akanieleza kwa subira kwamba mkanda unaonyesha moyo umechoka kidogo, ni kweli, lakini kilemba kinaonyesha majibu mazuri, na mashine hupima vyote viwili. Kwa maelfu ya watu waliopimwa, alisema, kichwa kikiimarika, na moyo huwa umeimarika. Havijawahi kuachana.

Nilitaka kumwambia vimeachana, na kwamba nimeviachanisha mimi kwa pete. Sikumwambia.

Ona nilivyokuwa nimefungwa. Nikiacha kugonga, karatasi ya tatu, kisha nyekundu, kisha kikapu kinarudi Krismasi. Nikigonga, kilima kinapanda, na moyo wake ni wa mwanamke wa miaka sitini na tisa. Palikuwa na njia ya tatu, tena niliijua tangu siku ya kwanza: kutaja jina moja, nipate sabini na saba, niweke dole gumba, tukae nyumbani. Neno moja tu. Lakini niliona kuidanganya mashine ni jambo dogo kuliko kumtaja mzee wangu. Mashine haikuwahi kunichimbia njia. Hayo ndiyo makosa yangu, na sijui kama mtu wa mahali pengine angeyafanya.

Nilijaribu kumuuliza mwenyewe anataka nini. Tulikuwa tunachambua maharage, nikamuuliza, akasema anataka nimsogezee ungo. Siku nyingine nikamuuliza tena, waziwazi zaidi, kama nimsaidie au nimwache. Aliitazama pete yangu kwa muda mrefu. Kisha akainuka kwenda kufunga kuku, wakati kuku alikuwa amewafunga tayari.

*

Jumatano ya wiki ya tisa mvua ilikuwa inapiga paa mpaka Mama Maswali akaongeza sauti. Kilima cha Subilaga kilikuwa mahali ambapo hakijawahi kufika. Kila akikanyaga, bega zima linashuka. Pumzi yake ilikuwa na filimbi ndani.

Yakaja maswali ya nyumbani. Swali lile lilianzia kwake siku hiyo. "Subilaga, baba mkwe wako aliitwa nani?"

Sote tukatulia kungoja ukimya wake, ili na sisi tuweke wa kwetu.

Subilaga akalitaja.

Alilitaja lote, la kwake na la ukoo, kwa sauti safi, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu. Kisha akageuka kunitazama, uso umechangamka, anangoja nimsifu.

"Vizuri sana, Subilaga," Mama Maswali akasema. "Kumbukumbu yako inarudi." Pedali zake zikalia, kilima kikapanda tena.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nyuma yangu nikasikia baiskeli moja inasimama, na nyingine, mpaka ukumbi mzima ukabaki na filimbi ya kifua cha Subilaga, yeye peke yake anaendesha. Mama Tumpale alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Hakuna aliyekasirika, nataka ujue hivyo. Tulikuwa kama watu walioletewa habari ya msiba. Mwanamke yule alinitukana mimi miaka mitatu kwa kila neno analolijua, lakini hilo hakuwahi kulikaribia. Mtu anaweza kusahau chumvi, akasahau kwamba mumewe amekufa. Lakini alikuwa amefika mahali ambapo heshima yenyewe imefutika na jina limebaki peke yake, kama kikombe katika nyumba iliyohamwa.

Saa ilikuwa imesimama. Zilibaki dakika kumi na tisa. Mama Maswali akatuomba tuendelee na mwendo, akarudia, akarudia. Nesi Mwanahija akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake, akawa naye amefungwa kama sisi.

Nikamwambia yote. Pete, kugonga, wiki ya sita mpaka leo. Alinisikiliza huku anamtazama Subilaga, halafu akasema, kama mtu anayeshika kamba ya mwisho, kwamba lakini hili la sasa sikumgongea, hili amelijibu mwenyewe, na amejibu sawa.

"Mwanangu," nikamwambia, "waliojibu sawa ni sisi kumi na mmoja tuliokaa kimya."

Akatafakari. Niliona neno linamwingia polepole. Akaenda kwa Subilaga, hakutazama mkanda wala kilemba, akamshika mkono kwa vidole vyake na kuhesabu kwa saa ya mkononi. Uso wa nesi ukabadilika rangi. Akasema kilima kishuke sasa hivi, lakini yeye hana uwezo wa kukishusha, kinashushwa na majibu.

Basi nikaanza kuzungusha tena, wenzangu nao wakazungusha, na saa ikaanza kutembea. Mama Maswali akamuuliza Subilaga themanini na tatu ukitoa saba. Akanitazama. Kidole changu kilikuwa juu ya usukani. Nilikishika kwa mkono wa pili.

Subilaga akasema, "Hamsini."

Pedali zikalegea. Akaulizwa siku ya leo, akasema Jumapili. Zikalegea zaidi. Kila alipokosea kilima kilishuka, mpaka akawa anazungusha miguu kama mtu anayeogelea, na filimbi kifuani ikapungua, na midomo ikaanza kurudia rangi yake. Sijawahi kufurahia ujinga wa mtu kama siku ile.

Lakini alama zake zilikuwa zimeshuka nazo. Nesi aliinama sikioni kwangu. Akasema itatoka karatasi ya tatu, na nyekundu inatoka yenyewe mlangoni, hapo yeye hana la kufanya. Kisha akasema, akiona haya, "Bibi, wewe una sabini na mbili." Alikuwa amekaa na sisi wiki tisa, alijua anachokiomba.

Dakika nne za mwisho swali lile likafika kwangu.

Nikafumba macho. Nikaiona ile njia nyuma ya migomba, mawe yake, tope lililoshikamana na jembe. Nikamwomba mzee msamaha moyoni, nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya mke wa mwanawe. Nikalitaja, kwa sauti ndogo ndogo.

"Sijasikia vizuri, Tusekile," Mama Maswali akasema. "Tafadhali rudia kwa sauti."

Nikarudia kwa sauti. Wenzangu waliinamisha vichwa. Na hata leo, ninapokusimulia haya, sitalitaja. Mara mbili zilitosha.

Pedali zangu zikawa nzito, dakika zikatimia, taa ikawa kijani, na mlango wa chuma ukafunguka.

*

Nyekundu ya Subilaga ilitoka, nami nikaweka dole gumba mara nne kwenye karatasi tofauti. Nesi Mwanahija aliitoa picha ya Subilaga ukutani mwenyewe, akaikunja, akanipa. Akaniambia hakujua. Nikamwambia ndaga, yaani asante, mwanangu, na wewe umetusaidia. Kila Jumatatu atakuja kuangalia kama moto wetu na visu vyetu viko salama. Hiyo nayo ni kamba, ila ni ndefu kidogo.

Tukaondoka kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika, na panzi walikuwa juu ya mistari ya chai wakikata, wanang'aa. Subilaga alitembea mbele yangu na kandambili zangu, polepole, anasimama anapotaka. Mahali pamoja aliingiza mkono kwenye mti wa chai akachuma, majani mawili na kichipukizi, bila kutazama, akayaweka mfukoni. Mkono ulikuwa haujasahau chochote.

Tulifika panapoachana njia. Kulia ni ile njia ya mzee, inakwenda nyumbani. Kushoto inakwenda shule ya zamani ambako hapaishi mtu. Alisimama akafikiri. Akageukia kushoto. Na kidole changu, bila hata kukituma, kikagonga mpini wa mwavuli. Mara mbili. Kushoto ni moja, kulia ni mbili.

Subilaga alirudi hatua zile mbili tatu. Akaushika mkono wangu, akaifunika pete kwa kiganja chake, na kilikuwa na joto. Macho yake yalikuwa yamenitulia usoni, ni yeye kabisa, yule wa sanduku la bluu.

"Mama Gwakisa, acha kugonga," akasema. "Umekuwa ukiniuliza nataka nini. Nilitaka hilo tu, tangu siku ya kwanza. Nilitaka nikosee mwenyewe."